Kukaza Plagi katika Hedi ya Aluminiamu: Mwongozo kwa Mafundi wa Ibra, Sur na Nizwa

Kubadilisha plagi huhesabiwa miongoni mwa kazi nyepesi za gereji. Hukabidhiwa kijana aliyeanza kujifunza juzi, hufanywa huku mteja akisubiri kibarazani, na ujira wake huwa mdogo. Wepesi huo ni wa nje. Plagi huingia katika hesi zilizochongwa ndani ya hedi yenyewe, na hedi za injini nyingi za petroli zinazotembea Oman leo ni za aluminiamu, metali laini isiyovumilia mkono mzito. Nati ya gurudumu ikiharibika hununuliwa nyingine siku hiyo hiyo. Hesi ya plagi ikiharibika, kilichoharibika ni hedi.

Katika Sharqiyah na Dakhiliyah uzito wa jambo hili huongezwa na safari zenyewe. Gari lililofungwa plagi asubuhi katika sanaiya ya Ibra laweza kuwa ndani ya mchanga wa Bidiyah kabla ya magharibi, mbali na lami na mbali na msaada. Gari lililotoka gereji ya Nizwa laweza kupita kituo cha polisi cha Birkat al-Mawz na kupanda Jabal Akhdar hadi Saiq, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa gia ndogo na injini ikivuta kwa nguvu zake zote. Katika mazingira hayo ndipo plagi iliyolegea, au iliyopasuka kauri bila kuonekana, hudhihirisha namna ilivyofungwa, na anayedhurika ni abiria ambaye hakuwapo gereji.

Msimamo wa mwongozo huu ni mmoja. Plagi hukazwa kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, kwa chombo kinachopima, na kazi iliyofanyika huwekwa kwenye kumbukumbu. Mkono wa fundi mzoefu una thamani kubwa katika kuhisi hesi zinavyoshikana, lakini hauwezi kumthibitishia mtu mwingine kwamba kazi ilifanywa sawasawa.

Tabia za aluminiamu

Mafundi wengi walijifunza kwa wazee waliozoea injini za F na 2F za Land Cruiser za zamani. Hedi za injini zile zilikuwa za chuma cha kusubu, na zilistahimili mengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Land Cruiser ilipata injini ya 1FZ-FE, yenye hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma. Nissan Patrol ya TB48 imejengwa kwa mpango huo huo, na Patrol za lita 5.6 zilizofuata zina bloku na hedi zote za aluminiamu. Mkono uliofunzwa na chuma cha kusubu hauna budi kujifunza upya.

Fundi aliyefika kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura ana jambo la ziada la kuzingatia. Land Cruiser nyingi za Afrika Mashariki ni za dizeli, kama zile za 1HZ, ambazo hazina plagi za cheche kabisa. Huku Oman, gari la umbo lile lile mara nyingi ni la petroli. Aliyelijua gari kwa miaka mingi anaweza kuwa hajawahi kukaza plagi zake hata mara moja, na kulikiri hilo mapema mbele ya msimamizi wake ni sehemu ya uadilifu wa kazi.

Tabia tatu za aluminiamu huamua namna ya kufanya kazi. Ya kwanza ni ulaini. Ganda la nje la plagi ni la feleji, na feleji ikilazimishwa ndani ya aluminiamu, kinacholika ni aluminiamu.

Ya pili ni kutanuka. Kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi aluminiamu hutanuka kwa takriban sehemu 23 katika milioni ya urefu wake, na feleji kwa takriban sehemu 12. Kwa hiyo tundu na plagi haviendi pamoja injini inapopata moto na inapopoa. Plagi ikikazwa hedi ingali moto, hedi itakapopoa itaibana kupita kiasi kilichokusudiwa. Ikifunguliwa hedi ingali moto, huweza kuziburuza hesi na kutoka nazo.

Ya tatu ni kupitisha joto. Aloi za aluminiamu zinazotumika kwenye hedi hupitisha joto takriban mara tatu ya chuma cha kusubu, na plagi huitegemea njia hiyo ili kujipoza. Joto la ncha yake hushuka kupitia hesi na kitako, huingia kwenye hedi, kisha kwenye maji ya rejeta. Njia hiyo huwa wazi pale tu plagi inapokaa imebana sawasawa.

Madhara ya kulegea na ya kuzidi

Plagi iliyolegea hupoteza njia yake ya kupoa na huvujisha gesi ya mwako. Ncha huwaka moto kupita kiasi, mchanganyiko wa hewa na petroli hushika moto kabla ya cheche kutolewa, na injini huanza kugonga. Hali ikiendelea, elektrodi huyeyuka na pistoni yaweza kutoboka. Wakati huo huo mtikisiko na shindo la kila mwako huendelea kuilegeza plagi. Marekani, injini za Ford za silinda 8, za lita 4.6 na 5.4 zenye vali mbili kwa kila silinda, zilijulikana kwa plagi kurushwa nje zikiwa zimeng'oa hesi za hedi ya aluminiamu, kwa kuwa baadhi ya hedi hizo zilikuwa na hesi chache tu za kuishika plagi. Hesi chache, au hesi zilizochakaa, hazina akiba ya kufidia uzembe.

Plagi iliyokazwa kupita kiasi haipigi kelele, na kwa hiyo hudumu muda mrefu bila kugunduliwa. Ganda lake hunyooka kidogo pale chini ya heksagoni lilipo jembamba, na muhuri kati ya ganda na kauri hulegea. Gesi hupenya ndani ya plagi yenyewe, joto hukosa njia, na plagi ya daraja sahihi la joto huanza kutenda kama ya daraja lisilofaa. Kauri yaweza kupata ufa mwembamba unaopitisha umeme pembeni, na gari likaanza kukosa moto linapopanda mlima. Hesi za hedi nazo huvutwa kila mara plagi inapobadilishwa, hadi siku moja zinatoka zote. Mteja wa siku hiyo humlaumu fundi wa mwisho, ingawa hesi ziliharibiwa na wengi waliomtangulia.

Kipimo sahihi

Nguvu ya kuzungusha, ambayo mafundi huiita toki, hupimwa kwa nyutoni-mita, kwa kifupi Nm. Kipimo cha kwanza kufuatwa ni kile cha kitabu cha mtengenezaji wa gari kwa injini husika. Pale kitabu kinapokosekana, watengenezaji wa plagi hutoa viwango vya jumla. Kwa hedi ya aluminiamu, viwango vinavyotolewa na NGK ni hivi:

Plagi ya hesi ya milimita 14, yenye kitako bapa na washa: Nm 25 hadi 30.
Plagi ya milimita 12, yenye kitako bapa na washa: Nm 15 hadi 20.
Plagi ya milimita 10, yenye kitako bapa na washa: Nm 10 hadi 12.
Plagi ya milimita 14, yenye kitako cha koni kisicho na washa: Nm 10 hadi 20.

Mambo matatu yaandamane na viwango hivi. Kwanza, ni vya hesi kavu na hedi baridi. Pili, kitabu cha gari hutangulia daima, hata kinapotaja kiwango cha chini kuliko hiki; zipo injini za Toyota zenye plagi za milimita 14 ambazo kitabu huzitaka zikazwe kwa Nm 18 tu. Tatu, plagi ya kitako bapa na ya kitako cha koni hazibadilishani. Koni huziba kwa kujikita kwenye mteremko wa hedi, na nguvu iliyozoeleka kwa plagi ya washa huikita hadi ikagoma kutoka.

Vizio vya kipimo vinahitaji uangalifu. Vitabu vya zamani na spana nyingi za sokoni hutumia futi-pauni au kilo-mita. Futi-pauni moja ni Nm 1.36 hivi, na kilo-mita moja ni Nm 9.8. Fundi anayesoma 20 kwenye kitabu cha Nm akaiweka upande wa futi-pauni kwenye spana, amekaza kwa Nm 27, zaidi ya theluthi moja juu ya kipimo, huku akiamini ametii kitabu.

Vifaa vya kazi

Spana ya toki inayotumika kwa nati za magurudumu haifai kwa plagi. Spana za aina hii huaminika kuanzia takriban asilimia 20 ya uwezo wake wa juu, kwa hiyo spana ya Nm 200 haina neno la kuaminika chini ya Nm 40. Gereji inayobadilisha plagi inahitaji spana ndogo, kwa mfano ya Nm 5 hadi 50. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 6789, spana hizo hupelekwa kuhakikiwa kila baada ya miezi 12 au mikazo 5,000, lolote litakalotangulia. Spana isiwe chombo cha kufungulia nati zilizoshika, isiachwe juani juu ya boneti, na irudishwe kwenye alama yake ya chini kabisa kabla ya kuwekwa kwenye kasha.

Soketi ya plagi iwe ya ukubwa kamili, milimita 14, 16 au 21 kulingana na heksagoni, na iwe na mpira au sumaku ya kuishika plagi. Soketi iliyochakaa huinamia upande mmoja na kuvunja kauri. Kirefushi kilichonyooka hakibadilishi kipimo, lakini kiungo kinachokunjika hukivuruga, na kisitumike wakati wa mkazo wa mwisho. Orodha ya lazima hukamilishwa na upepo wa kompresa, miwani ya kukinga macho, kipande cha mpira wa petroli chenye urefu wa takriban sentimita 20, na tochi nzuri.

Kufungua plagi ya zamani

Kazi huanza na kusubiri. Gari lililoingia Ibra kutoka Maskati mchana wa Juni halipoi kwa muda wa kikombe cha kahawa. Usiku wa tarehe 26 Juni 2018, huko Qurayyat kwenye njia ya Sur, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 za Selsiasi hadi asubuhi. Katika majira kama hayo neno baridi lina maana ya hedi iliyolingana na hewa iliyoizunguka, inayoshikika kwa kiganja bila taabu. Utaratibu bora ni gari kulala gereji na plagi kufunguliwa alfajiri. Faida yake ni mbili: hedi imetulia, na fundi naye hajachoka kwa jua.

Koili au nyaya hutolewa kwa mpangilio na kuwekewa alama za silinda zake. Baada ya hapo kila tundu hupulizwa kwa kompresa kabla plagi haijaguswa. Magari ya Bidiyah na al-Wasil hubeba mchanga laini katika matundu ya plagi, na chembe zake zikianguka ndani ya silinda huchubua kuta kama msasa. Plagi hulegezwa kwa sehemu ndogo ya mzunguko, tundu hupulizwa tena, ndipo plagi hutolewa. Inayogoma isivutwe kwa nguvu. Hurudishwa kidogo, hutiwa matone ya mafuta ya kupenya, huachwa kwa muda, kisha huzungushwa mbele na nyuma hatua kwa hatua hadi iachie.

Plagi zilizotoka hupangwa kwa namba za silinda na kusomwa. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya mwako mzuri. Masizi meusi makavu huashiria petroli nyingi, utelezi mweusi huashiria oili, na ncha nyeupe yenye malengelenge huashiria joto lililozidi. Washa ambayo haikubonyea, pamoja na hesi zilizopakwa masizi hadi juu, ni ushahidi kwamba plagi haikukazwa vya kutosha. Mduara wa kahawia kwenye kauri nyeupe ya nje, juu kidogo ya heksagoni, mara nyingi hudhaniwa kuwa gesi inayovuja. Kwa kawaida ni alama ya umeme wa msongo mkubwa unaovuta chembe za oili zilizo hewani, na peke yake hauthibitishi kasoro.

Kufunga plagi mpya

Namba ya plagi mpya hulinganishwa na ya kitabu, si na ya plagi iliyotoka tu, kwa kuwa fundi aliyetangulia naye aliweza kukosea. Urefu wa hesi hupimwa kwa jicho na kwa kipimo. Plagi fupi huacha hesi za hedi wazi zijae kaboni, na ndefu huweza kugonga pistoni. Plagi iliyoanguka sakafuni haifungwi hata ikionekana nzima, kwani ufa wa kauri hauonekani. Plagi za iridiamu zina elektrodi nyembamba sana, na nafasi ya cheche yake haibinywi kwa kifaa cha kubonyeza. Hukaguliwa tu, na isiyolingana hurudishwa dukani.

Hesi za hedi husafishwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na kupulizwa. Kisha hufuata hatua ambayo haraka huharibu zaidi kuliko zote: kuanzisha hesi. Plagi huchomekwa kwenye kipande cha mpira wa petroli na kuzungushwa kwa vidole. Ikikaa vibaya, mpira huteleza juu ya kauri na hakuna kinachoharibika. Racheti hainyanyuliwi mpaka plagi imeingia kwa vidole hadi kitako chake kiguse hedi. Ugumu wowote kabla ya hapo una maana moja, kwamba hesi zimepishana au zina uchafu, na plagi hutolewa ikaanzwa upya.

Mkazo wa mwisho hufanywa kwa spana ya toki iliyowekwa kwenye kipimo. Spana hushikwa kwenye mpini wake, huvutwa taratibu kwa mwendo mmoja, na mkono huacha mara inapolia. Kuivuta tena ili kuhakikisha ni kuongeza nguvu juu ya kipimo kilichokwisha kutimia. Boliti ndogo ya koili nayo huingia kwenye aluminiamu, na hustahili nidhamu hiyo hiyo kwa kipimo chake.

Pale ambapo spana ya toki haipo kabisa, kwa mfano gari lililokwama njiani, njia ya pembe hutumika. Plagi mpya ya milimita 14 yenye washa, baada ya kuingizwa kwa vidole hadi kitako kiguse hedi, huzungushwa nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Nafasi kati ya hesi moja na nyingine ni milimita 1.25, kwa hiyo nusu mzunguko huishusha plagi kwa milimita 0.6 hivi, kiasi cha kuibonyeza washa mpya. Plagi iliyowahi kufungwa ina washa iliyokwisha kubonyea, na huzungushwa takriban sehemu moja ya kumi na mbili tu. Ya kitako cha koni huzungushwa takriban sehemu moja ya kumi na sita. Hii ni njia ya dharura. Gari likifika gereji, plagi hukaguliwa kwa spana ya toki.

Grisi ya kuzuia kukwama na hewa ya bahari

Desturi ya kupaka hesi za plagi grisi ya kuzuia kukwama ilianza kwa nia njema, na bado ina watetezi wengi. Plagi nyingi za sasa huja na mpako wa metali kwenye ganda, na mpako huo ndio unaozuia kutu na kukwama. Grisi hugeuka kuwa kilainishi: msuguano hupungua, na spana inayolia kwenye Nm 25 huwa imeivuta plagi kwa nguvu ya kipimo kikubwa zaidi. NGK haishauri grisi hiyo kwa plagi zake zenye mpako. Pale kitabu cha injini kinapoiagiza waziwazi, hupakwa kidogo, mbali na elektrodi, na kipimo hufuata maelekezo ya kitabu hicho.

Sur na al-Ashkharah zina shauri lao. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na pale feleji inapogusana na aluminiamu penye unyevu wa chumvi, aluminiamu huliwa na kuota unga mweupe. Mashine za boti za wavuvi, ambazo hedi zake pia ni za aluminiamu, hupata athari hiyo zaidi ya magari. Kinga yake ni ratiba. Plagi za mashine ya boti hufunguliwa na kukaguliwa kwa vipindi vilivyopangwa badala ya kuachwa miaka hadi zishikane na hedi, mpira wa kifuniko cha plagi hubadilishwa unapokakamaa, na zenye dalili za kutu hazirudishwi.

Hesi zikiharibika

Hesi iliyoharibika hutangazwa. Kuificha kwa gundi, kwa uzi wa tefloni au kwa plagi iliyokazwa kwa nguvu ili ishike kwa muda ni khiyana kwa mwenye gari na hatari kwa abiria. Mteja huelezwa, huoneshwa, na kupewa njia zilizopo pamoja na gharama zake.

Njia ya kawaida ni kuchonga tundu upya na kulitia hesi za feleji, ama za koili ya waya, ama za bushi nzima. Kwa plagi, bushi nzima hushika vizuri zaidi kwa kuwa haitoki pamoja na plagi inayofuata. Chombo cha kuchongea hupakwa grisi nzito ili kinase chembe, pistoni huwekwa mbali na tundu, chembe zilizobaki hufyonzwa na kupulizwa, na silinda hukaguliwa kwa kamera ndogo kabla ya injini kuwashwa. Fundi asiye na vifaa vya kazi hiyo huipeleka kwa mwenye navyo. Pale nyufa zinapoonekana kuzunguka tundu, hedi hushushwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: hedi ya kushusha ni kazi ya siku nyingi, na mara nyingi mwanzo wake ulikuwa dakika mbili zilizokosa subira.

Amana, haki na wajibu

Gari lililoachwa gereji ni amana. Mwenye nalo hawezi kuona ndani ya tundu la plagi, na malipo yake yamejengwa juu ya imani tupu. Kwa hiyo plagi za zamani hurudishiwa mteja pamoja na maboksi ya mpya, ili ajue alichonunua. Plagi bandia zenye majina makubwa zimejaa masokoni, na kinga ya fundi ni kununua kwa mawakala wanaotambulika na kuhifadhi risiti. Kwenye kadi ya kazi huandikwa namba ya plagi, kilomita za gari, kipimo kilichotumika, hali ya hesi za kila silinda, na jina la aliyekaza. Hesi iliyokutwa imechoka huandikwa kabla ya kufungwa, kwani maandishi ya kabla humlinda fundi, na ya baada ya lawama huonekana kuwa kisingizio. Sheria ya Kulinda Mlaji ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Sultani namba 66 ya 2014, inatambua haki ya mteja kupata maelezo sahihi ya huduma anayoilipia. Kadi hiyo ni njia nyepesi ya kuitimizia sheria haki yake.

Katika miji hii, ambako familia nyingi ziliishi Zanzibar na bara kabla ya kurejea, na Kiswahili bado ni lugha ya nyumbani, changamoto kubwa kuliko zote huenda ikawa muhali. Mteja ni ami, ni jirani, ni rafiki wa marehemu baba. Anataka gari sasa hivi na injini ingali moto, na fundi huona muhali kumkatalia. Muhali huo haumsaidii mwenye gari. Heshima kwa mzee ni kumweleza kwa upole kwamba gari lilale, na kumtafutia namna ya kufika nyumbani.

Fundi naye ana haki zake. Sheria ya Kazi ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Sultani namba 53 ya 2023, inaweka ukomo wa saa 8 za kazi kwa siku na 40 kwa wiki, na inamtwika mwajiri wajibu wa usalama mahali pa kazi. Miwani, spana ya toki iliyohakikiwa na kitabu cha vipimo ni sehemu ya mazingira hayo, na kuviomba kwa maandishi si utovu wa adabu. Mwajiri anayedai kazi ya kipimo bila kutoa chombo cha kupimia anapaswa kubeba sehemu ya lawama hesi zinapotoka. Kwa upande wake, fundi aliyepewa chombo akakiacha kwenye kasha na kutumia mkono hana wa kumsingizia.

Wajibu wa mwisho ni kwa wanaojifunza. Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi Tumizi, kilichoundwa mwaka 2020, kina matawi Ibra, Nizwa na Sur, na vijana wa Oman wana njia ya kusoma uhandisi karibu na kwao. Gereji hubaki mahali pa kuikamilisha elimu hiyo kwa vitendo. Mwanafunzi apewe kwanza hedi mbovu iliyotolewa kwenye gari, aanzishe plagi kwa vidole mara nyingi, akaze kwa mkono anavyodhani ni Nm 20, kisha apime alichofanya kwa spana ya toki. Tofauti atakayoiona baina ya dhana yake na kipimo itamfunza kuliko maelezo ya siku nzima. Akishaweza kurudia kipimo kile kile katika kila tundu na kuandika kadi bila kukumbushwa, ndipo akabidhiwe gari la mteja, na jina lake liandikwe kwenye kadi hiyo kama la aliyekaza.